Chupa ya maji moto, mshipi, godoro au dawa ya kuchua: pesa ianzie wapi mgongo ukiuma?

Mimi ni fundi cherehani hapa Nakuru. Dada yangu anauza samaki Kisumu, soko la Kibuye. Mwaka juzi tulishikwa na kiuno sote wawili ndani ya mwezi mmoja, na kwa kuwa hupigiana simu kila jioni, tukajikuta tunalinganisha. Umetumia nini? Kimekusaidia siku ngapi? Umelipa pesa ngapi? Leo umeweza kuinama ukafunga viatu? Migongo yetu si ya aina moja. Wangu ni wa kukaa, tangu saa mbili asubuhi hadi giza liingie, kichwa kimeinamia sindano. Wake ni wa kuinama na kubeba: karai la omena, ndoo ya barafu, mtungi wa maji. Ndiyo maana kilichonifaa mimi mara nyingine hakikumfaa yeye, na hapo ndipo matangazo yanapotupotosha, kwa sababu yanauza kitu kimoja kwa migongo yote.

Mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, aliyenishughulikia alinipa swali moja la kupimia kila ninachotaka kununua: kitu hiki kitaniinua au kitanilaza? Alinieleza kwamba maumivu mengi ya kiuno hayatokani na ugonjwa wa kuonekana kwenye picha ya eksirei. Ni misuli na viungo vya mgongo vilivyochoka au kushtuka, na kwa watu wengi uchungu hupungua sana ndani ya wiki chache, mradi mtu aendelee kujongea. Kushinda kitandani kunachelewesha kupona. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno, kwa hiyo si ajabu kila duka lina kitu cha kutuuzia. Kizuri ni kile kinachopunguza uchungu kiasi cha kukuwezesha kusimama na kwenda.

Lakini kuna migongo isiyongoja duka. Ukishindwa kuzuia mkojo au choo, au mkojo ukikataa kutoka. Ukifa ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani. Mguu ukilegea: nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Mwone daktari mapema pia kama umeanguka na bodaboda, kama una homa, kama unakonda bila sababu, au kama uliwahi kutibiwa saratani. Kifua kikuu nacho huweza kuingia kwenye pingili za uti wa mgongo. Mgongo unaouma wiki baada ya wiki, pamoja na jasho la usiku, usikubali uendelee kukandwa nyumbani bila kupimwa.

Joto au barafu

Nakuru swali hili halina ubishi mrefu. Mji uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Julai hakuna anayetamani barafu kiunoni. Kisumu, kando ya ziwa na chini yetu kwa mita mia saba hivi, dada yangu alianza na barafu kwa sababu anayo tele ya kuhifadhia samaki. Siku mbili za kwanza ilimtia ganzi akapumua. Siku ya tatu mgongo ulikakamaa kuliko mwanzo. Utafiti umeegemea upande wa joto: joto la wastani linalokaa kiunoni kwa muda limeonekana kupunguza maumivu mapya kwa siku chache, ilhali ushahidi wa barafu ni mdogo sana. Ukiwa umejigonga na unaona barafu inakutuliza, itumie siku moja mbili ikiwa imefungwa kwa kitambaa, kisha hamia kwenye joto.

Sasa, joto lipi? Mimi nilijaribu chupa ya mpira na pedi ya umeme. Yeye alijaribu taulo la maji moto na chumvi.

Chupa ya mpira ni ya shilingi mia chache, na kwangu ndiyo iliyoshinda. Inakaa na joto muda wa kutosha kushona suruali mbili ikiwa imebanwa kati ya kiuno na kiti. Ukiinunua, fungua kizibo uangalie kama mpira wa ndani umeshika vizuri, na ukunje mwili wa chupa uone kama kuna mipasuko midogo. Chupa nyingi zina alama ya ua dogo karibu na shingo. Katikati ya ua kuna mwaka wa kutengenezwa. Ikiwa imekaa dukani miaka mitatu, iache, kwa maana mpira huzeeka hata bila kutumika. Usitie maji yanayotokota. Jaza theluthi mbili tu, kamua hewa itoke, funga, kisha ivishe taulo au sweta kuukuu.

Pedi ya umeme inapendeza zaidi mwilini kwa sababu joto lake halipoi. Ila bei yake ni mara kadhaa ya chupa, inakula tokeni, na stima ikipotea hauna kitu. Ukiichagua, tafuta inayojizima yenyewe baada ya muda, wala usiikunje au kuilalia usiku kucha.

Taulo la kukandia lina joto zuri lakini hupoa upesi, na linahitaji mtu wa pili, maana huwezi kujikanda mgongo mwenyewe ukafika mahali penyewe. Dada yangu anaishi na mtoto wa shule, kwa hiyo akahamia chumvi: vikombe viwili vya chumvi, akaipasha kwenye sufuria kavu, akaitia ndani ya soksi nene ya pamba na kuifunga. Anaijaribu kwanza kwenye kifundo cha mkono. Haihitaji umeme, haivuji, na chumvi ile ile hutumika tena na tena. Mchana wa Kisumu hakutaka hata kuiona. Alikuwa akiiweka saa kumi na moja alfajiri, dakika kumi na tano, kabla ya kwenda kupokea samaki, na anasema ndicho kitu kilichomfanya aweze kupanda matatu.

Kwa aina zote hizi, dakika 15 hadi 20 zinatosha kwa mara moja. Mwenye kisukari ambaye miguu au ngozi yake haisikii vizuri asitumie bila mtu wa kumwangalia, kwa sababu anaweza kuungua bila kujua. Mama yetu yuko kwenye hali hiyo, na kwake tumekataza chupa kabisa.

Dawa ya kuchua au vidonge

Dawa za kuchua zinazouzwa kwa chemisti ni za makundi mawili, ingawa mirija yake hufanana. Zile zenye harufu kali ya mentho zinaleta moto au ubaridi kwenye ngozi, na hisia hiyo inaufunika uchungu kwa saa moja hivi. Nyingi zina methili salisileti, ambayo ni ndugu wa aspirini. Za kundi la pili, kama jeli ya diklofenaki, zina dawa halisi ya maumivu inayopita kwenye ngozi. Kwa goti na kifundo cha mguu, jeli hiyo ina ushahidi mzuri. Kiunoni misuli imefunikwa na nyama nyingi, na hapo msaada wake ni mdogo. Zipo pia zenye pilipili; mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno haukuzikataa. Ukipaka hizo, osha mikono kwa sabuni kabla ya kugusa macho au mtoto.

Naziheshimu dawa za kuchua kwa sababu moja ambayo haiandikwi kwenye lebo. Mkono wa mtu anayekuchua nao ni dawa. Mume wangu akinichua dakika kumi kwa mafuta ya nazi matupu, nalala vizuri kuliko nikijipaka mwenyewe dawa ghali haraka haraka. Kama una mtu, nunua ya bei nafuu. Lakini usipake dawa ya moto kisha ukaweka chupa ya maji moto juu yake: ngozi huungua. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, na ambaye mwili wake haupatani na aspirini, amuulize mfamasia kabla ya kupaka.

Vidonge navyo vina habari ambayo wengi hatujaipata. Panadol, yaani paracetamol, ambayo sisi sote hukimbilia, haikufua dafu kwenye kiuno. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2014, uliowahusisha watu zaidi ya 1,600 wenye maumivu mapya ya kiuno, ulionyesha kwamba paracetamol haikuwaponyesha mapema kuliko kidonge kisicho na dawa. Ibuprofen na diklofenaki zinasaidia kidogo zaidi, lakini zinadai bei yake tumboni, kwenye figo na kwenye presha. Mtu mzima anayejinunulia ibuprofen bila cheti cha daktari asivuke miligramu 1,200 kwa siku, ameze baada ya chakula, kwa siku chache tu, wala asichanganye na diklofenaki, kwa sababu ni za ukoo mmoja na madhara yanajumlishwa. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au presha, na mama mjamzito, asizimeze kabla ya kuongea na daktari. Anayeshinda juani akitoka jasho anywe maji ya kutosha, kwani figo zenye kiu huumia upesi.

Kuna unga na vidonge visivyo na lebo vinavyouzwa stendi na sokoni kama "dawa ya mgongo". Huwezi kujua kuna nini ndani yake. Hata kama jirani alipona, usinunue.

Nikilinganisha kwa ajili ya usiku mmoja mbaya: kwanza joto, kisha kuchuliwa, kisha kidonge kama kesho lazima niende kazini na tumbo langu halina historia ya vidonda.

Mshipi wa mgongo au leso

Hapa ndipo nilipopoteza pesa nyingi zaidi. Nilinunua mshipi mpana wenye vyuma vinne nyuma, kwenye duka moja la vifaa vya tiba, na muuzaji aliniambia niuvae kutwa. Nilitii. Wiki ya kwanza nilihisi nimeshikwa vizuri. Wiki ya tatu nikiuvua nahisi mgongo kama uji. Yule mtaalamu wa fiziotherapia aliponiona akasema nimeufundisha mwili kuegemea kitambaa. Mwongozo ule wa 2023 unashauri wahudumu wa afya wasiwape mishipi watu wenye maumivu sugu ya kiuno, na tafiti za watu wanaobeba mizigo kazini hazikuonyesha kwamba mshipi unazuia mgongo kuumia.

Najua wapakiaji wa viazi wa huku kwetu wanaovaa kila siku na hawataki kusikia haya. Mtu aliye katika wiki ya kwanza ya uchungu, ambaye hana budi kubeba, naona anaweza kuvaa saa mbili tatu za kazi nzito kisha avue. Asilale nao. Asikae nao.

Kwa mtu wa kukaa kama mimi, leso inaushinda mshipi. Ikunje iwe mviringo wenye unene wa mkono, iweke kwenye mbonyeo wa kiuno, uiegemee. Inakukumbusha kukaa wima bila kukubana, na haina gharama. Zile kamba za kuvuta mabega nyuma ni jamaa za mshipi. Sizipendekezi.

Godoro: jipya au lile lile

Hiki ndicho kitu ghali kuliko vyote hapa, kwa hiyo usikimbilie.

Imani ya wengi ni kwamba godoro gumu ndilo zuri kwa mgongo. Wengine hulala kwenye mbao. Mwaka 2003 watafiti wa Hispania waliwagawa watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno, nusu wakapewa godoro gumu, nusu la ugumu wa wastani. Baada ya siku 90, waliolala kwenye la wastani walikuwa na maumivu machache zaidi wakiwa kitandani na hata wakiamka. Sababu si ngumu kuielewa: ukilala ubavu kwenye kitu kigumu mno, bega na nyonga havizami, na kiuno kinaning'inia katikati. Kwenye godoro lililobonyea, mwili wote unakunjika kama machela.

Dukani utasikia "high density". Neno hilo linahusu uzito wa sponji, yaani wingi wa malighafi ndani yake, na linakuambia zaidi godoro litadumu kwa muda gani kabla ya kubonyea. Si kipimo cha ugumu. Godoro la density kubwa linaweza kuwa laini, na la density ndogo likawa gumu mwezi wa kwanza kisha likafa. Kwa hiyo lala juu yake pale pale dukani, ubavu na chali, dakika kumi, bila haya. Ukilala chali, pitisha kiganja chini ya kiuno. Kikipita kwa nafasi kubwa, godoro ni gumu kwako. Kikigoma kabisa, umezama. Anayelala naye alale pia. Na neno "la mifupa" lililoandikwa kwenye kitambaa lisikuongezee bei kichwani; jaribu kiganja tu.

Kabla ya hapo kuna majaribio mawili ya bure. La kwanza: mgongo wako unauma zaidi saa ngapi? Ukiamka umekakamaa na ukipata nafuu kadiri unavyotembea, godoro ni mshukiwa. Uchungu ukianza alasiri kazini, godoro halina kesi. La pili: shusha godoro lako chini, juu ya mkeka, ulale usiku tatu nne, kama unaweza kuinuka kutoka sakafuni bila shida. Ukiamka vizuri, kosa liko kwenye chaga za kitanda. Zangu mbili zilikuwa zimepinda. Fundi wa mtaani alinibadilishia na kuongeza nyingine tatu, na lile godoro nililokuwa nimeshalihukumu bado ninalo.

Mto nao ni godoro la maskini na tajiri. Ukilala ubavu, weka mmoja kati ya magoti. Ukilala chali, weka chini ya magoti. Dada yangu alitumia mfuko wa mitumba uliojazwa nguo kuukuu.

Mashine

Sitakaa hapa. Mikanda inayotetemeka, bunduki za kukanda, vile vibandiko vya kupitisha umeme mdogo kwenye ngozi: zinatuliza ukiwa umezivaa. Vibandiko vya umeme vimo kwenye orodha ya vitu ambavyo mwongozo wa 2023 hauvipendekezi kwa maumivu sugu ya kiuno. Mwenye kifaa cha moyo na mama mjamzito wasiviguse bila daktari. Kama pesa ni ya ziada na bunduki ya kukanda inakupendeza, itumie kwenye nyama, kamwe si juu ya mfupa wa mgongo.

Vitu visivyoitwa vya mgongo

Katika simu zetu zote, hakuna kilichobadilisha maisha ya dada yangu kama vitu vya duka la plastiki na vya fundi mbao. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo mtungi wa lita 20 ni kilo 20 na zaidi, tena upande mmoja wa mwili. Alinunua miwili ya lita kumi, mmoja kila mkono. Safari ni ile ile, mzigo ni ule ule, mgongo umesimama wima. Akaacha ufagio wa njiti unaomlazimu kuinama, akanunua wenye mpini unaomfika kifuani. Karai la kufulia akalipandisha juu ya meza badala ya kulifuata chini. Karai la omena sasa hubebwa likiwa nusu, limeshikwa karibu na tumbo, kwa maana mzigo unaoshikwa mbali na mwili huulemea mgongo mara nyingi zaidi ya uzito wake.

Kwangu mimi kilikuwa kiti. Nilikuwa na kiti cha plastiki kilichonizamisha chini ya cherehani hadi mabega yakapanda. Nikaweka ubao na sponji, nikapanda sentimita kumi hivi, magoti yakashuka chini kidogo ya nyonga. Na nimeacha pasi upande wa pili wa kibanda makusudi. Kila baada ya nusu saa lazima niinuke niifuate.

Halafu kutembea. Mwaka 2024 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya watu 701 waliokuwa wametoka kupona kiuno. Waliofundishwa kutembea kwa mpango, wakiongeza polepole, walikaa siku 208 kwa wastani wa katikati kabla maumivu hayajarudi. Wale wengine, ambao hawakufundishwa, 112. Hakuna mshipi wala mashine niliyosoma habari zake yenye hesabu kama hiyo. Kwa hiyo kama una pesa ya kitu kimoja tu na viatu vyako vimeisha soli, nunua viatu. Vya mitumba vinafaa, mradi kisigino hakijalika upande mmoja. Mimi huondoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu, nusu saa kwa miguu, wakati mlima Menengai bado una ukungu.

Dada yangu hajanunua godoro. Wiki jana alifanya yale majaribio mawili, hakuna lililoelekeza lawama kwenye godoro, basi pesa aliyokuwa ameweka akampelekea fundi mbao wa Kibuye. Anatengenezewa meza ya pili, ya kutolea samaki magamba. Alinipigia simu kuniuliza urefu, nikamwambia asimame wima, akunje viwiko, kisha fundi apime kutoka chini hadi kwenye kiwiko na apunguze upana wa kiganja kimoja.